Boneti Isiyopoa

Shemeji yangu watu walimwita Jogoo, na si kwa sababu alikuwa na makelele. Alikuwa mpole kama mto wa kulalia. Kazi yake ilikuwa kuwakagulia watu magari yaliyotumika kabla hawajayanunua, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wauzaji wote: alikuja alfajiri. Mmesikilizana saa nne, yeye kunapambazuka yuko getini anabisha hodi, muuzaji bado ana tongotongo machoni. Salamu hazijaisha, ameshaweka mgongo wa mkono juu ya boneti.

"Ikiwa na joto, ondoka," alikuwa akisema. "Kuna kitu wamekificha." Injini mbovu, hasa ya gari la mbio, hulalamika ikiwashwa ikiwa baridi. Inagonga, inatoa moshi wa bluu, inatetemeka. Ikishapashwa moto hutulia na kujifanya malaika, na wewe mnunuzi unatoa fedha zako unacheka, kumbe umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mafundi wengi mjini mwetu walijifunza hilo kwake, au kwa mtu aliyejifunza kwake.

Lakini mimi nataka kusimulia habari za mke wake, dada yangu mkubwa. Dada anashona mapazia. Hajui kuendesha gari na hajawahi kutaka kujua. Siku Jogoo alipojinunulia gari lake mwenyewe, saluni nyeusi yenye turbo, milango minne ya heshima na injini ya kihuni, dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Umenunua simba uje umfuge kama paka," alimwambia, maana mume wake aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Alicheka hivyo, lakini gari lile likamwingia dada moyoni. Turbo haitaki kukimbizwa oili ikiwa bado baridi, kwa hiyo kila asubuhi Jogoo aliliwasha na kulisubiri mpaka mshale wa joto upande. Dada naye akaanza kutoka na kukaa kiti cha pembeni wakati wa kusubiri. Hapo ndipo waliposema yao yote: wateja wasumbufu, binti yao, mimi na midomo yangu. Mshale ukipanda, dada anashuka, anafungua geti, Jogoo anaondoka. Jioni dada alilitambua gari kwa mlio wake likiwa bado kwenye kona ya duka la vioo. Aliacha cherehani, akatoka, na Jogoo akifika anakuta geti wazi. Hakuwahi kupiga honi nyumbani kwake. Majirani walidhani honi imekufa.

Kisha Jogoo akaanguka bafuni. Alitoka nyumbani ndani ya gari la wagonjwa na hakurudi. Gari lake likabaki uwanjani pale pale alipoliegesha.

Binti yao anaishi ghorofani katika mji mwingine, na wakati huo alikuwa na mimba iliyomlaza kitandani. Alimtaka mama yake, na kwenye simu alikuwa akilia kama mtoto mdogo. Dada akaahidi: gari likipata mtu wa kulitunza, anafunga cherehani na kwenda. Nikahamia kwake kumsaidia kufunga mizigo. Mizigo ikafungika. Gari halikuuzika.

Wanunuzi walikuja, tena si haba. Kila mmoja alikuja na fundi wake, mapema kama ilivyo desturi, na kila fundi alianza na boneti. Mgongo wa mkono, joto. Wanatazamana, wanasifu rangi kwa adabu, wanaaga.

Joto lilitoka kwa dada. Kila asubuhi, mimi nikiwa bado nimejifunika shuka, nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ngurumo ya kutikisa vioo vya dirisha langu.

"Nalinda betri isife," aliniambia.

"Basi ilinde jioni, dada. Siku za wanunuzi liache lipoe."

"Sawa, mdogo wangu, nimekuelewa."

Asubuhi iliyofuata, ngurumo. Eti amesahau. Nikachemka. Mke wa Jogoo asahau boneti! Nilimwambia maneno makali, kwamba mwanawe anamlilia na yeye anachezea funguo za gari. Alinisogezea chai yangu, akaenda kuloweka nguo.

Ndipo akaja kinyozi. Mtu mfupi, nadhifu, anayenukia poda, na alipoliona lile gari macho yalimtoka kama mtoto kwenye dirisha la duka la pipi. Fundi wake alikuwa mtu mkimya, mmoja wa wale waliofundwa na Jogoo mwenyewe. Akagusa boneti. Nikaangalia pembeni, nikingoja waage.

Hakuaga. Alitazama nafasi kati ya milango na bodi, kuona kama gari limewahi kugongwa na kunyooshwa. Akapitisha vidole upande wa ndani wa tairi, kule wanunuzi wasikotazama na ambako tairi za magari ya mbio huliwa kwanza. Akafungua kifuniko cha oili na kuchungulia chini yake, akapapasa kingo za diski za breki. Kinyozi alimfuata nyuma akitikisa kichwa kwa kila kitu, kama anaelewa. Kisha fundi akafungua mlango wa dereva, akachuchumaa, na hakuinuka haraka.

"Mama," alimwita dada, "gari hili nani analiwasha?"

"Mimi."

"Pedali zina vumbi. Kiti hiki kimesukumwa nyuma kabisa, na hakijakaliwa siku nyingi." Akanyoosha kidole upande wa pili. "Lakini zulia la pale limechakaa, na limejaa vipande vya nyuzi."

Dada alitazama mikono yake. Hata wakati ule kulikuwa na uzi umemganda kwenye mkono wa gauni.

"Nakaa upande wangu," alisema. "Nanyoosha mkono tu, nawasha. Tunangoja mshale upande." Aliubandua ule uzi. "Nikifumba macho ni asubuhi ya siku zote, anataka kwenda kazini. Mshale ukipanda nazima. Kila siku ananiaga, baba. Kila siku. Ila jioni sijawahi kumsikia akirudi."

Kinyozi alivua kofia yake bila kuambiwa. Niliumia, na nilimwonea fundi yule wivu wa kijinga, kwa kuona mara moja nilichokuwa nikikisikia kila asubuhi kutoka kitandani kwangu.

Fundi aliinuka, akafunga mlango polepole. "Mzee angesema nini akilikuta hivi?"

Dada akatabasamu nusu. "Angesema ondoka."

"Basi naondoka. Kesho nakuja mapema zaidi, mama. Nataka nilikute baridi."

Usiniulize kama nililala vizuri. Kulipoanza kupambazuka nilisikia mlango wa gari. Nilingoja ngurumo. Haikuja. Nilipochungulia dirishani, dada alikuwa amekaa kiti chake, funguo mapajani, ameugeukia usukani. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Alikaa hivyo kwa kitambo, kisha akashuka, akaenda jikoni kubandika maji, na nilipomsalimia aliitikia kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Fundi alikuja. Aliweka mgongo wa mkono juu ya boneti, akauacha hapo kupita haja ya ukaguzi wowote.

"Baridi," alisema.

Akaliwasha. Injini ikashika mara ya kwanza, bila kugonga, bila kutetemeka. Akaenda nyuma kuweka kiganja kwenye ekzosi, akakinusa, akamwonyesha kinyozi: kikavu, hakina mafuta. "Huyu mzee alikuwa hatanii," alimwambia. Mshale ukapanda. Sasa lililobaki ni kulijaribu barabarani, na kinyozi akaingia nyuma ya usukani. Miguu haikufika pedali. Alishusha mkono kutafuta chuma cha kuvutia kiti, akakigusa, akasita, akamtazama dada.

"Kivute tu," dada akasema, na akageuka kuingia ndani kabla hajasikia kikiteleza.

Mimi ndiye niliyewafungulia geti na kulifunga. Niliporudi, dada alikuwa ameitoa cherehani kwenye sanduku tulilokwisha kulifunga kwa kamba. Alikuwa akipinda pazia lisilo na mwenyewe, kitambaa kilichobaki tu. Nilikaa karibu naye, nikaanza kukunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Nilijua gari limeshauzika, nikawa namhesabu dada yangu kuwa amevuka, na katika moyo wangu nilikuwa tayari namwona yuko kwa mwanawe, amemwekea mito mgongoni.

Kisha, kwa mbali, kwenye kona ya duka la vioo, likasikika.

Mguu wa dada ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Kichwa chake kikainuka. Uso wake ule sikuwa nimeuona tangu siku za Jogoo. Alikwisha kuinuka. Alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akavuta geti mpaka mwisho na kulishikilia kwa mikono miwili.

Gari likaingia taratibu, taratibu sana. Kinyozi alikuwa akiliendesha kwa hofu ya mtu aliyeshika mali isiyo yake bado. Kutoka mlangoni mimi mwenyewe, Mungu wangu, nilimngoja Jogoo ashuke.

Mlango ukafunguliwa, na iliyotangulia chini ilikuwa miguu mifupi yenye viatu vilivyopigwa kiwi.

Tabasamu la dada lilichelewa kuondoka. Lilibaki usoni kwake likimtazama kinyozi, na kinyozi, masikini, akatabasamu pia, akidhani limekuja kwa ajili yake.

"Mama," alisema kwa furaha, "geti umelifungua hata kabla sijapiga honi!"

Dada akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuitikia, tena na tena, mpaka fundi akashuka upande wa pili, akamsogelea na kumshika kiwiko.

"Lichukue, baba," dada alimwambia kinyozi. "Lichukue leo hii, usilale nalo hapa. Ni gari zuri, halina kilichofichwa. Ila nakuomba, jioni usilipitishe njia hii."

Kinyozi aliapa, bila kujua anaapa kitu gani. Yaliyobaki ya kuandikiana waliyamaliza mezani kwetu haraka, wote wakiongea chini chini. Gari likatoka, likakata kona, mlio ukapungua hadi ukachanganyika na mingine. Dada alikuwa bado amesimama na kiatu kimoja, ameshika geti. Nilipokuja kulifunga, alinizuia kwa mkono.

"Liache," alisema. "Liache kwanza."

Nikaliacha. Lilibaki wazi mpaka giza likaingia, na lilibaki wazi usiku ule mzima, na wezi wangetaka wangetubeba hata sisi. Wiki ile ile tulikwenda kwa binti yake. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa nje, dada alinipa mimi ufunguo wa geti nilifunge, akaniomba ningoje kwanza yeye atangulie.