Plastiki za Kuzuia Mvua

Baba alikuwa amebandika plastiki nyeusi za kuzuia mvua kwenye ukingo wa juu wa madirisha ya pikapu yake. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, zilikuwa zimeshapasuka na kuanguka. Ilibaki tepu yake tu, imekaushwa na jua hadi ikawa ngumu kama ukoko wa ugali.

Baba mdogo alikuja kuliangalia gari kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nilikuwa nimeacha shule ili niwatunze wadogo zangu wawili, na ukoo ulikuwa ukizungumzia kuwagawa: dada aende Masii, kitinda mimba apelekwe kwa jamaa wa mbali huko Kithyoko. Baba mdogo akasema kuna njia. Gari liuzwe, pesa zituweke pamoja nyumbani. Lakini nani angenunua gari chafu vile? Akanipa plastiki mpya, tepu na wembe.

Wembe niliuweka kando, ungekwaruza rangi. Nililowesha tambara kwa maji moto, nikaligandamiza juu ya tepu mpaka ikalegea, kisha nikapitisha uzi wa nailoni chini yake, nikiuvuta huku na huku kama msumeno. Gundi iliyobaki niliipaka mafuta ya taa na kuisugua kwa kidole gumba. Ngozi ikachubuka, mafuta yakaingia kidondani.

Baba mdogo alikaa kivulini akinywa chai yetu.

"Shule ilikushinda," akasema akicheka, "lakini kwa gundi utapata A."

Wadogo zangu wakacheka, kwa kuwa mtu mzima amecheka. Akauliza kwa nini sivuti tu kwa nguvu. Nikamweleza kwamba ukivuta hivyo tepu inakatika, nusu inabaki. Unainua ncha, unaenda polepole.

Nilipomaliza, nikabandika plastiki mpya na kuziminya mpaka zikashika. Kesho yake akalizunguka gari, akipitisha kiganja juu ya milango. Nilingoja ataje mnunuzi.

"Umelifanya jipya," akasema. "Sasa gari kama hili nani atauza?"

"Na watoto, Anko?"

"Watapanda mbele. Hawatanyeshewa."

Wiki hiyohiyo akaja kuwachukua. Dada aliingia mwenyewe, amekumbatia mfuko wa nguo zake. Kitinda mimba, ambaye tangu mama afe alikuwa akiniita mwaitu, yaani mama, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa, alipoinuliwa akang'ang'ania plastiki ya juu ya dirisha kwa mikono yote miwili. Alining'inia hapo akiniita. Niliomba moyoni ibanduke. Haikubanduka. Nilikuwa nimesafisha vizuri mno, tepu mpya imeshika.

Baba mdogo hakumvuta. Aliinua kidole cha kwanza cha mtoto kutoka kwenye ncha, kisha kilichofuata, polepole, bila hasira. Akamketisha karibu na dada na kufunga mlango. Kisha akaona vidole vya mtoto vimeacha alama kwenye kioo.

Akanirushia tambara. "Pangusa."

Nikapangusa. Mtoto alikuwa upande wa pili wa kioo, ameinua uso ananitazama, na mkono wangu ukapita mbele ya macho yake mara kadhaa. Gari likaondoka likimetameta. Palipokuwa na tepu ya baba, hakuna ambaye angepajua.