Mabati ya Chumba cha Mama

Wanawake wenzangu wa Kalemie wakishikwa na wivu wanajua mlango wa kwenda kugonga na mtu wa kumtukana. Mimi nilionea wivu jengo, tena jengo ambalo lilikuwa bado halijajengwa.

Mume wangu ni mkuu wa shule ya usanifu majengo katika chuo kikuu cha hapa mjini. Shule yenyewe ilikuwa ndani ya ghala la zamani la reli, chini karibu na ziwa. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia madarasani, na wanafunzi wakawa wanachora huku miguu yao iko juu ya matofali. Nasema haya ili nisionekane sina huruma. Jengo lilihitajika, hilo nalikubali. Hata hivyo nililichukia.

Mambo yalianza na maketi, mfano mdogo wa jengo wa kuwaonyesha wafadhili. Aliutengeneza kwa karatasi ngumu na vijiti juu ya meza yetu ya kulia, maana kule ghalani ungelowa. Upande mmoja aliweka ghala lililokarabatiwa, upande wa pili jengo jipya la mlimani, na katikati miti ya sponji. Sisi tulihamia kula mkekani. Watoto walikatazwa kukimbia sebuleni. Akimaliza kazi aliufunika kwa kitenge changu kizuri ili vumbi lisiingie. Nilipomuuliza kwa nini kitenge changu, alisema njo kilaini, yaani ndicho kilicho laini. Mwanaume huyu, tangu anioe, hajawahi hata kunivutia shuka.

Alikuwa akisimama mbele ya ile maketi, mikono kiunoni, akitabasamu peke yake. Tabasamu lile nalijua. Lilikuwa langu zamani, tulipokuwa wachumba huko Kabalo.

Sasa, kuhusu chumba. Mama yangu ni mjane, alikuwa amebaki peke yake Kabalo, masikio yake yamekuwa mazito, na tulikuwa tumekubaliana aje kuishi nasi. Nyuma ya nyumba tuliinua kuta za chumba chake. Mabati niliyanunua mimi, kidogo kidogo, kwa mshahara wangu wa ualimu wa shule ya msingi na kwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Niliyaegemeza barazani yakisubiri fundi, na kila nikipita niliyagusa.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta baraza tupu.

"Manjanja yangu iko wapi?" nilimuuliza, maana mabati kwetu ni manjanja.

"Nimeipeleka ku ghala." Hakuniangalia. "Wafadhili wanakuja. Wanataka kuona kama wenyeji nao wametoa kitu. Tumefunika darasa moja nayo. Bila ile, hawatatoa hata franka."

"Na mama yangu atalala wapi?"

"Mama yako atangojea kidogo. Hii njo maneno ya chuo."

"Chuo nayo ingengojea kidogo."

Alikwenda kuipanguza maketi vumbi.

Kama mabati angeyapeleka kwa mwanamke, ningejua la kufanya. Dada zangu wangekuja na midomo yao, wazee wa pande zote mbili wangeketi, yeye angeinamisha kichwa na kuomba msamaha. Lakini nani ataitisha kikao cha familia juu ya ghala? Nilimshtakia mama mkwe, naye akanieleza jinsi mtoto wake alivyokuwa na akili tangu utotoni.

Wafadhili walikuja. Walikula samaki, migebuka niliyowapikia, kwenye meza ya kuazima. Walipiga picha maketi, wakashuka ghalani, wakaona mabati yangu yanang'aa juani, wakakubali. Mume wangu alitokwa na machozi ya furaha. Mimi nilikusanya sahani.

Kuanzia hapo sikuwa na mume. Alirudi nyumbani na saruji kwenye nywele, akazungumzia madirisha yake mpaka chakula kikapoa. Upepo wa ziwa utaingia hapa, alisema, utatokea pale, wanafunzi hawatatoka jasho. Nilimsikiliza huku nikiwaza dirisha la chumba cha mama, ambalo tulikuwa tumeliziba kwa nailoni. Roho iliniuma kila jengo lilipopanda. Majirani waliponiambia, "Papa anajenga kitu kizuri," wakimaanisha baba watoto wangu, nilijibu asante, nikaingia ndani nikagombeza watoto bure.

Mama hakuweza kungoja zaidi. Alikuja na treni ya Kabalo, tukamtandikia godoro sebuleni, kando ya meza ya maketi. Nilitaka alalamike. Nilitaka amkasirikie mkwe wake angalau siku moja. Badala yake alijiburuta kwa fimbo mpaka kwenye maketi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Mukwe wangu anafanya kazi kubwa sana." Basi jengo lilikuwa limeninyang'anya mama pia.

Siku ya kuzindua, mama na mimi tulikaa mstari wa pili. Mume wangu alivaa suti niliyoipiga pasi mwenyewe. Aliwashukuru wakubwa, wafadhili, mafundi, wanafunzi waliobeba mchanga, hata dereva wa lori. Kisha akasema, "Na tunashukuru wenyeji, wale walitoa manjanja ya kwanza." Watu walipiga makofi. Mimi nilisimama.

"Hao wenyeji njo miye," nilisema. "Ile manjanja ilikuwa ya chumba cha mama yangu. Mpaka leo analala mu salo."

 Mama mmoja wa Kizungu, kiongozi wa wafadhili, alimwinamia mume wangu kumuuliza nimesema nini. Kifaransa nakijua vizuri. Nilitega sikio nione kama atathubutu kupunguza hata neno moja. Hakupunguza. Alitafsiri yote, chumba, mama, sebule, huku akiniangalia usoni. Tangu ile maketi ianze, hakuwa ameniangalia hivyo.

Nilingoja aibu iwapate. Yule mama aliweka mkono kifuani, akasimama, akaanza kupiga makofi. Wenzake wakamfuata, halafu ukumbi mzima. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba watu kama mimi, wanaotoa kutoka nyumbani kwao, ndio ambao wafadhili huwatafuta kila wanakokwenda. Wapiga picha walinisogelea. Nilikuwa nimesimama kushtaki, na sasa nilikuwa napongezwa, wala sikujua niketi au nibaki nimesimama.

Mama yangu, ambaye hakuwa amesikia lolote, alinivuta kitenge.

"Banakupigia makofi ya nini, mwana wangu?"

Nilimwinamia sikioni. "Ya chumba chako, mama."

Uso wake ulichangamka. Aliilaza fimbo chini akapiga makofi na yeye, akaendelea hata wengine walipokuwa wameshanyamaza.