Kampuni ya Jikoni Kwangu

Mchapaji wangu hapa Matsumoto hunawa mikono kabla ya kushika muswada wa mtu, hata ule ambao kampuni za Tokyo zimeukalia miezi sita kisha zikaukataa, kama wangu. Kidole gumba chake kimeingia wino usiotoka. Hukificha ndani ya ngumi akimkaribisha mteja chai. Huniita "mwalimu" bila kucheka, kama waitwavyo waandishi wakubwa huku, nami naitika. Wateja wote humuuliza kwa sauti ya chini: "Hivi, ni lazima watu wajue nimejichapishia?" Mimi nilizidi. Nilibuni kampuni, Korongo Mweupe, yenye anwani ya jikoni kwangu, na yeye akaipamba jaladani kwa herufi za dhahabu. Juzi nilipofuata nakala zangu, alitoa bahasha chini ya meza, akanisogezea kwa mikono miwili.

"Ni vishairi vyangu tu, mwalimu, vya miaka thelathini. Sijui kama Korongo Mweupe wanapokea kazi za watu wa nje."

Tulikuwa wawili tu, na sote tulijua kampuni hiyo haina hata kiti. Nikakohoa, nikaipima bahasha mkononi.

"Iache, mzee," nikamwambia. "Utajibiwa baada ya miezi sita."