Wa Mwisho Njiani Ndiye Anayejibu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeishi nayo tangu usichana wangu, na jana umenirudisha kwenye siku hiyo. Mjukuu wangu alinisomea ujumbe ulioutuma kwenye kundi la simu la kwaya unayotufundisha, kwamba kwenye tamasha la Jumamosi pale Moshi, sisi wazee watatu wa safu ya nyuma tukae na watazamaji, tupumzike. Umeandika kwa adabu sana. Sikukasirika. Siku hizi hata kukasirika kunanichosha. Ila nimekaa hapa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikaona nikusimulie, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu, na kigango chetu cha Mwika kikanikabidhi kwaya. Nilijua noti, nilikuwa na saa ya mkononi, na nilijiona nimefika. Mwaka huo kwaya za mlimani zilialikwa mjini kuimba nyimbo za asili, za shamba na mifugo, na sisi tukachagua wimbo wa majani.

Wimbo huo unaujua, lakini njia yake hukuikuta. Ng'ombe wetu walikaa bandani, na majani yao mama zetu waliyafuata chini tambarare, wakapanda nayo mlima mzima, mzigo kichwani, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele aliita kwa wimbo, na aliyejibu alikuwa mmoja tu, yule wa mwisho kabisa. Asipojibu, hakuna aliyeinua mguu. Walisimama na mizigo yao wakamsubiri. Katika kwaya yetu aliyeita alikuwa mama yangu, na aliyejibu alikuwa Mama Felista, jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kukwaruza na pumzi fupi. Kati ya kuita na kujibu palikuwa na kimya kirefu, mpaka unasikia watu wakikohoa.

Kimya hicho kiliniudhi. Nilikipima kwa saa yangu, nikaona kinatuchelewesha bure, nikaamua wote wajibu kwa pamoja, papo hapo. Kisha nikamfuata Mama Felista.

"Mama, safari hii pumzika. Kaa utusikilize."

Akanitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema. Siku ya tamasha alikuja na kitenge cha kwaya, amekipiga pasi, akakaa benchi la tatu, mikono mapajani.

Tulishangiliwa kweli, sitakuficha. Wimbo ulikwenda mbio, watu wakasimama, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mkubwa. Mchana ule ule tulirudi kwa gari kupitia Himo, likatushusha pale barabara inapoishia, tukashika njia ya miguu kati ya migomba na kahawa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo ulikuwa unateleza. Sisi vijana tulitangulia tukicheka, kila mtu anasimulia makofi yale yale.

Mama yangu akasimama, akageuka, akatupitishia macho.

"Felista yuko wapi?"

Akamwita kwa ule wimbo. Kimya. Akaita tena. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema, "Mama, twende tu. Njia anaijua."

"Wimbo huu unadhani tuliutunga ili watu wapige makofi?" akaniuliza. "Tuliutunga ili tujue nani amebaki nyuma. Wewe umemfundisha kunyamaza." Hakupaza sauti. Akavua viatu, akaanza kuteremka, nasi nyuma yake.

Tulimkuta ukingoni mwa mfereji, kiatu mkononi, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa ameteleza. Kitenge chake cha kwaya kilikuwa tope tupu. Mama akamuuliza kama hakusikia akiitwa.

"Nilisikia," Mama Felista akasema. "Nikadhani siku hizi mnajibu wote."

Hakusema kunichoma, na hapo ndipo aliponimaliza. Tulimbeba kwa zamu mpaka kwake, na njia nzima hakuna aliyeimba.

Kesho yake nilikata jani la isale, lile letu la kuombea msamaha, nikalifunga fundo, nikampelekea. Akalipokea, maana kwetu halikataliwi. Mguu ulipopona akarudi kwaya, nami nikamrudishia nafasi yake na kimya chake chote. Mama akaita, tukasubiri. Tulisubiri Jumapili nyingi, mwanangu. Alitabasamu tu akasema, "Jibuni nyinyi, mwalimu, mimi nimechoka." Alinisamehe, lakini hakujibu tena mpaka tunamzika.

Neno lile la kuchoka nilidhani ni la uzee. Sasa nimefika umri wake, nalijua vizuri zaidi. Magoti yanauma, ndiyo, na pumzi imepungua. Lakini mtu anaweza kupanda na magoti mabovu kama anajua huko mbele wanamsikiliza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukipewa kuongoza watu, usiinue mguu kabla hujamsikia wa mwisho, hata kama watazamaji watakohoa. Na mzee akikwambia "sawa" upesi, usiridhike. Rudi umuulize tena. Sitasema sijiombei. Najiombea, na ninawaombea wenzangu wawili ambao hawana mjukuu wa kuwasomea ujumbe wako, na hivyo hawajui bado.

Jumamosi nitakuja. Kitenge nimeshakipiga pasi. Ukinionyesha benchi, nitasema "Sawa, mwalimu," na nitakaa.

Mungu akujalie pumzi ya kuupanda mlima huu mpaka mvi zikujae. Na siku miguu yako itakapokugomea, anayekutangulia asimame, akuite, akusubiri mpaka ujibu.