Kiwanja Changu Kando ya Mama Mkwe

Kosa la daktari lilikuwa kusema ukweli. Alisema saratani yangu ya titi imewahiwa, uvimbe ulikuwa mdogo na umeshatolewa, kwa hiyo mionzi itapigwa pale pale ulipokuwa, si titi zima, na kwa siku chache tu. Mume wangu alikuwa kando yangu, akaitikia kila neno. Wakwe zangu wa Kilolo waliposikia hizo siku chache, wakaanza kulia.

Kwao ugonjwa mkubwa hutibiwa muda mrefu. Mgonjwa wa kweli hulazwa miezi mpaka ng'ombe wanauzwa. Ukirudishwa mapema, basi madaktari wamekuhurumia ukafie nyumbani. "Wamemwambia akapumzike tu," wifi yangu mkubwa aliwaeleza majirani zangu wa Soweto, hapa Mbeya, na mimi nipo jikoni nakaanga vitumbua.

Walikuja gari zima, wamejifunga vitenge kama wanakwenda msibani. Jamani! Wifi akanishika shavu. "Pole wifi, umekonda." Nilikuwa nimenenepa mpaka sketi haifungi. Nikawaeleza kwamba mionzi imeisha, ngozi inawasha kidogo, nachoka mchana, basi. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Shemeji akaniuliza ningependa kuimbiwa wimbo gani siku ikifika. Nikamwambia aimbe sasa hivi, nimsikie kwanza kama anaweza.

Mume wangu alikuwa kwenye kochi anabonyeza simu, hasemi kitu. Nikamsifu moyoni kwa uvumilivu wake.

Pasaka tukaenda Kilolo. Kando ya kaburi la mama mkwe nikakuta majani yamefyekwa, visiki vimeng'olewa, kipande cha urefu wangu kimesawazishwa vizuri kabisa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hawa watu! Nikaomba jembe na mbegu za viazi, nikaanza kupanda hapo hapo, wifi anapiga kelele kwamba najitafutia mkosi.

"Nani kawatuma kufyeka?" nikauliza.

Wifi akamtazama kaka yake.

"Mimi," mume wangu akasema. "Mama alikupenda sana. Nikaona ulale karibu naye."

Kicheko kikaniishia. Miezi yote hiyo nilikuwa nampikia, nalala naye kitanda kimoja, na yeye ameshanizika.