Taa Mbili Njia ya Kiyeyi

Loy huuza nyanya Busia, mpakani, na kurudi kwao Kiyeyi, Uganda, kwa baiskeli. Mumewe, Oketcho, alikataa katakata kununua taa. Alisema njia ya kwao anaijua hata akifumba macho. Lori lilimgonga gizani, akafa.

Ndiyo maana Loy alimsumbua sana Kevo, muuza vipuri upande wa Kenya. Alimfungisha mlango wa duka mchana kweupe ili kila taa ijaribiwe gizani, akazikataa tatu.

"Mama, chukua hii," Kevo akasema, amechoka. "Inamulika mpaka kwenu."

"Tutaona."

Giza lilimkuta karibu na nyumbani. Taa ilionyesha kila shimo. Kwenye kona ya mwisho akaona taa nyingine mbele, nyeupe, ikimjia. Akasimama ampishe mwenye baiskeli. Nayo ikasimama. Akaziba yake kwa kiganja. Nayo ikapotea.

Mwili ulimsisimka, kisha akakumbuka: kaburi la Oketcho liko pale pale kando ya njia, na wiki hiyo fundi alilibandika vigae vyeupe. Ni mwanga wake mwenyewe unaorudi! Akajitukana kwa ujinga, akaondoa kiganja, akazima taa kuokoa betri, asukume baiskeli hatua chache zilizobaki hadi mlangoni.

Ile ya mbele haikuzimika.

Loy aliitazama mpaka hasira ikaushinda woga.

"Oketcho," akafoka, "leo ndio umenunua taa?"