Masala ya Mzee Deo

Niliingia jikoni mara ya kwanza nimejifunga kanga mbili, na Mpishi Mkuu akanirudisha mlangoni kabla sijamaliza kumwamkia.

"Kanga inashika moto," alisema. "Kavae suruali, au nenda moja kwa moja."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, na Ujiji yote hapakuwa na harusi ya maana iliyopikwa pilau bila mimi kuitwa. Nilirudi nyumbani nimefura, nikaazima suruali ya kaka yangu, nikarejea. Ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita, na hasira ile kiasi bado ninayo.

Hoteli ilikuwa Kigoma mjini, juu kidogo ya stesheni. Jina lake ninaliacha, kwa sababu watoto wa mwenye hoteli bado wapo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi, baadaye kutoka Kongo, na nyuma yao wakaja watu wa mashirika na magari yao meupe. Wageni hao walichoka kula mgebuka, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga kila siku. Walitaka kari ya Kihindi, ile ya mgahawani, tena ifike mezani kabla soda haijaisha. Meneja wetu, mtu wa Tabora aliyekuwa na haraka hata akiwa amekaa, akatafuta mpishi wa kari mji mzima. Alimpata miongoni mwa wakimbizi wenyewe.

Huyo ndiye Mzee Deo, Mpishi Mkuu aliyenirudisha mlangoni, Mrundi mwembamba wa miaka kama sitini. Alikuwa amepika miaka mingi katika mgahawa wa Wahindi kule Bujumbura, akianzia kwenye kuosha vyombo. Kwa utaratibu wa wakati ule alitakiwa kukaa kambini, upande wa Kasulu. Mjini alikaa kwa kibali, na kibali kilitoka kwa barua ya Meneja iliyosema kwamba kazi hiyo hakuna Mtanzania anayeiweza. Kila mwezi barua iliandikwa upya, na kila mwezi Meneja alipanga foleni ofisi ya vibali, akirudi amenuna. Mimi niliajiriwa kuwa msaidizi, na msaidizi maana yake vitunguu.

Wiki tatu sikugusa nyama. Nilimenya vitunguu mpaka shuka zangu zikanuka vitunguu. Tulivikata vipande vikubwa, tukavitia kwenye sufuria kubwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, karoti mbili tatu, nyanya kidogo, manjano na mafuta. Vikachemka taratibu saa mbili nzima, kisha tukavisaga mpaka vikawa laini kama uji wa mtoto. Umeme ukikatika, na ulikatika, tulisaga kwa kinu. Mzee Deo aliuita mchuzi huo "mama". Nikauonja. Haukuwa na ladha ya kusimulia.

"Mzee," nikamwambia, "huu si mchuzi. Huu ni uji wa vitunguu."

"Ego," akajibu, maana yake ndiyo kwa Kirundi, na hata kwa Kiha chetu. "Ni uji. Na kesho utamenya tena."

Nitaeleza, kwa sababu vijana wengi mnadhani kari ya mgahawa ni kari ya nyumbani iliyozidishwa pilipili. Nyumbani unapika sufuria moja, inakaa motoni asubuhi yote, wote mnakula chakula kimoja. Mgahawani watu sita wanaagiza vitu sita, na kila mmoja ana haraka. Kwa hiyo mchuzi mama unapikwa asubuhi, nyama na kuku wanachemshwa kando nusu kuiva, na mgeni akiagiza, sahani yake inapikwa peke yake kwenye kikaango, kwa moto mkali, dakika saba. Mafuta kwanza. Halafu tangawizi na saumu, halafu viungo, navyo ni vya pumzi chache za kuhesabu, maana vikizidi hapo vinakuwa vichungu. Halafu upawa wa kwanza wa mchuzi mama. Unauacha uungurume na kushika pembeni, unakwangua, unaongeza upawa wa pili, unatia nyama, unaongeza wa tatu. Mafuta yakijitenga na kuelea pembeni, umemaliza. Ukikoroga koroga kama ugali, umeharibu.

Mimi nilikoroga. Mkono uliolelewa na ugali haujui kutulia. Mzee Deo alinipiga kofi la mwiko juu ya vidole, akamwaga kari yangu kwenye ndoo ya makombo mbele ya wahudumu wote.

"Oya," akasema. Hapana. Hilo ndilo neno lake nililolisikia kuliko yote. Miezi minne ya "oya". Nilitia mawese kidogo kwenye kari ya kuhe, nikidhani samaki wa ziwani na mafuta ya Kigoma ni ndugu: oya. Nilipanga viungo vizuri kwenye vikopo: oya, vimekaa karibu na moto. Nilifika mapema: oya, nani alikuambia ufungue dirisha?

Na juu ya hayo yote kulikuwa na masala. Masala ni mchanganyiko wa viungo vikavu, vilivyokaangwa bila mafuta na kusagwa, na ndiyo roho ya kikaango. Bila hiyo mchuzi mama unabaki uji. Mzee Deo aliitengeneza mwenyewe, mlango umefungwa, akaiweka kwenye bati la maziwa ndani ya kabati lenye kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari. Kinu alikipangusa mwenyewe, yeye ambaye kijiko hakukiosha.

Siku moja Meneja aliniita ofisini.

"Mama Siwema, umeshajua anachotia?"

"Bado, Meneja."

"Basi chungulia. Wewe ni mtu wa hapa. Ukiijua masala ile, kiti cha Mpishi Mkuu ni chako, na mimi sitasimama tena kwenye foleni ile. Yeye ana kambi, atatunzwa huko."

Sitadanganya. Nilikitaka kiti kile. Nilijiona kwenye meza ya mwisho, sahani zinapokaguliwa kabla ya kutoka jikoni, nikimwambia mtu mwingine "oya". Nikaanza kuchungulia.

Haikunichukua muda mrefu. Asubuhi moja Mzee aliitwa ghafla ofisi ya vibali, akaacha kinu hakijapanguswa. Nikatia kidole, nikalamba. Giligilani, binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, vyote hivyo nilivijua tangu harusi za Ujiji. Uchungu mdogo wa nyuma ulikuwa uwatu. Lakini kulikuwa na kitu kingine, kizito kidogo, kama njugu. Nikakwangua kwa ukucha kwenye nyufa za kinu, nikapata ganda la njano. Dengu. Alikuwa anakaanga dengu kavu na kuzisaga humo, zishike mchuzi na kuutuliza. Nilijaribu nyumbani jioni kadhaa, mama yangu akilalamika kwamba ninachoma viungo vya mwezi mzima, mpaka nikaipata.

Nilitaka kwenda kwa Meneja kesho yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini siku hiyo mchana Meneja alinituma bandarini kufuata mzigo wa viungo uliochelewa, na njiani nikamwona Mzee Deo. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anatoweka saa moja, na sisi jikoni tulisema ana mwanamke mtaa wa Mwanga. Alikuwa amesimama ufukweni pale boti zilipokuwa zinashusha watu. Alikuwa anakwenda kwa kila mwanamke mwenye mzigo kichwani, anavua kofia, anauliza kwa Kirundi. Nilisogea karibu, nikasikia. Alikuwa anataja jina la mke wake na majina ya binti zake wawili. Mwanamke anatikisa kichwa, Mzee anainama kushukuru, anakwenda kwa mwingine. Mwanamke mmoja alikuwa amelala juu ya mkeka, mgonjwa. Hata huyo alimchuchumalia, akauliza taratibu.

Akirudishwa kambini hataziona boti tena. Hilo nililielewa pale pale, na liliniudhi sana, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga maneno.

Meneja akaniuliza tena. "Bado," nikasema. Mwezi uliofuata akauliza. "Bado." Masika yakaja yakapita. Meneja akaanza kusema mbele ya wahudumu kwamba mtu wa Ujiji anajua kupika pilau tu, kichwa hakina nafasi ya kitu kingine. Na Mzee Deo, ambaye nilikuwa ninamlinda, alikuwa ananiita mzito wa mikono kila siku ya Mungu. Nilikuwa ninaitwa mjinga na wanaume wawili, na dawa ya ujinga huo nilikuwa nayo kichwani.

Kisha Mzee akashikwa na malaria. Siku ya kwanza alituma ufunguo wa kabati kupitia jirani yake, na maneno: kijiko kimoja kimoja. Nilipofungua bati, masala ilikuwa imebaki ya kufunika kitako cha bati tu. Jioni hiyo hiyo wageni ishirini walikuwa wameagiza. Meneja alikuwa anazunguka jikoni.

"Ikiisha tutafanyaje?" aliuliza.

"Haiishi. Ameacha nyingi," nikamwambia.

Siku nne nzima nilikaanga na kusaga kwetu Ujiji alfajiri, nikaileta kwenye kikapu chini ya mchicha, nikajaza bati Meneja akiwa bado anapiga mswaki. Wageni walikula, hakuna aliyerudisha sahani. Nilijisikia fundi, na sikuwa na wa kumwambia.

Mzee alirudi siku ya tano, macho yameingia ndani. Alifungua kabati, akafungua bati. Lilikuwa limejaa. Akachukua kidogo kwa kidole, akaweka kwenye ulimi.

"Uwatu umeungua," alisema.

Mimi nilikuwa ninamenya kitunguu. Sikuinua kichwa.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Umejua lini?"

"Kabla ya masika."

Alikaa juu ya gunia la vitunguu. Nilidhani atashukuru. Binadamu wa kawaida angeshukuru. Alivuta kinu akakiweka katikati yetu, akasema, "Uwatu unaingia mwisho. Unatoa kikaango motoni kwanza, moto wa chuma peke yake unatosha. Lete nikuonyeshe, umeharibu bati zima." Na alimwaga kweli bati zima. Kazi yangu ya alfajiri nne.

Tangu siku hiyo alinifundisha kila kitu, kwa ukali ule ule. Alinifundisha kukausha majani ya uwatu kivulini na kuyafikicha juu ya kari wakati wa kupakua. Alinifundisha kusikiliza kikaango, maana mchuzi wenye maji una sauti yake na uliokomaa una sauti yake. Meneja alituona tukijifungia pamoja na kinu, akafurahi, akidhani sasa ninachungulia vizuri. Nikaendelea kumwambia bado.

Binti mkubwa alipatikana mwaka uliofuata. Hakuja kwa boti. Alikuwa ameingia kwa miguu kupitia vijiji vya mpakani, na alikuwa kambini muda wote huo. Mtu aliyemfahamu Mzee tangu Bujumbura alileta habari mpaka mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa amefia njiani. Mdogo wake hakuna aliyejua. Mzee Deo alisikiliza amesimama, mwiko mkononi, na kari ya mgeni ikaungua kwenye kikaango, mara ya kwanza na ya mwisho nilipoona hivyo. Niliitoa mimi.

Asubuhi yake alimwambia Meneja kwamba anakwenda kambini kwa binti yake, hakuna haja ya barua tena.

"Na jiko je?" Meneja aliuliza. "Nani atapika?"

"Mimi," nikasema.

"Masala unaijua?"

"Ninaijua."

"Tangu lini?"

Nilimwambia. Meneja alinitazama, akamtazama Mzee, akatoka. Hakunisemesha wiki mbili, akiniachia maagizo kwa mhudumu, lakini wageni walikuwa wanaagiza na kiti kilikuwa kitupu, kwa hiyo nikawa Mpishi Mkuu bila pongezi ya mtu yeyote. Mzee Deo aliondoka kwa lori kupitia Mwandiga, na begi moja. Alichoniambia cha mwisho ni kwamba vitunguu vya jana nilivikata vidogo mno.

Nilimtembelea kambini mara moja. Alikuwa na kibanda cha maharage kwenye soko la kambi, binti yake akihudumia. Alionja kari niliyombebea, akasema chumvi. Baadaye watu walipoanza kurudi kwao, wakarudi wote wawili, na sikupata habari zao tena. Mashirika yakapungua, hoteli ikauzwa, mimi nikaenda kuwa mpishi mkuu katika chuo, ambako mkuu wa chuo alitaka kari kwa wanafunzi mia tatu kwa bajeti ya maharage. Hayo ni maudhi mengine. Nilistaafu hapo, magoti yamekwisha.

Sasa ninakaa Ujiji, na vijana wanakuja. "Shikamoo Bibi, tupe siri ya masala." Ninawapa. Ninawaandikia kwenye karatasi, dengu na yote, na uwatu ninaupigia mstari chini. Wanashangaa mbona ninaitoa bure. Mzee Deo aliifungia kwa kufuli kwa sababu ndiyo iliyomweka karibu na boti. Mimi hapa ni kwetu. Kisha ninawaambia waanze na kumenya vitunguu, gunia zima, na hapo wengi wanakumbuka kwamba wana safari.